Mawaridi ya Gatakaa kwenye Njia ya Gotu

Sikuzaliwa mdaku, nyumba ya Gatakaa ndiyo iliyonifanya niwe. Mwaka wa 1966, wenye akili zao wakihama Isiolo, binamu yangu huyu aliacha kazi ya kuunganisha simu Nairobi, akamng'oa mumewe Marete kutoka ofisi ya wapima ardhi, wakaja kukodi gofu la mawe kwenye njia ya Gotu. Eti nyumba ya wageni! Vita vya waasi wa shifta vimepamba moto, barabara haipitiki bila kibali na msafara wa askari, na hawa wawili wanapaka chokaa.

Mimi Kajuju, fundi wa nguo mtaa wa Kiwanjani, nilifunika cherehani nikaenda kuona.

Kusema kweli, walifanya kazi. Popo walifukuzwa darini, mabati yakazibwa kwa lami, vitanda sita vikatandikwa shuka zilizopigwa pasi. Marete alichora ramani ya nyumba nzima kwa wino mweusi. Chini ya baraza palikuwa na sanduku refu la mawe, kazi ya waliojenga zamani, na mfereji mwembamba uliotoka kisimani hadi hapo. Kwenye ramani, juu ya sanduku hilo, Marete aliandika BUSTANI. Gatakaa akalijaza udongo mwekundu, magunia manne kutoka kwao Nkubu, akapanda mawaridi ya mama yake. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuyagusa maua hayo, hata mbuzi.

Wazo lao halikuwa baya. Wafanyabiashara wa mifugo walikaa siku nzima wakingoja msafara, walale wapi? Ajabu ni kwamba walikuja. Wiki nzima nilikaa barazani nikishona mapazia, nikaona kwa macho yangu. Mtu anaacha njia na punda wake, anakuja moja kwa moja mpaka mbele ya mawaridi, anayatazama, kisha anageuka. Hata salamu hatoi. Usiku analala chini ya miti ng'ambo ya korongo.

"Labda wanaogopa nyumba ya mawe," Marete alisema.

"Mwenye kuogopa hafiki mlangoni, shemeji," nikamjibu.

Hakucheka. Ofisi ilikuwa imempa likizo bila malipo mpaka mwisho wa Agosti, na yeye na mkewe walikuwa wamekubaliana: asipolala mgeni hata mmoja kufikia siku hiyo, wanafunga mlango na kurudi Nairobi. Zilibaki siku tisa. Gatakaa alianza kuongea peke yake akipiga pasi shuka ambazo hazijalaliwa. Nilimhurumia, ila hamu ya kujua ilinizidi.

Basi nikamshika Madina, mama wa Kiborana aliyetuletea maziwa kila asubuhi, nikamuuliza wazi: watu wanatazama nini pale?

Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini.

"Nyinyi watu wa shamba! Hiyo si bustani, mama. Hiyo ni ya kunywesha ng'ombe. Baba yangu alinywesha hapo. Sasa mtu anakuja na mnyama iko na kiu, anaona umepanda maua kwa maji yake. Atalala aje kwa nyumba kama hiyo? Mgeni wa kwanza ni mnyama."

Marete aliitazama ramani yake kama iliyomtukana. Gatakaa alichukua jembe. Aling'oa mawaridi moja moja huku akilia waziwazi, nami nikalia naye, nikibeba udongo wa mama kwa karai. Tulisugua mawe, tukazibua mfereji, tukavuta maji mpaka viganja vikachubuka. Lile hori la mawe likajaa.

Siku zikapita, hakuja mtu. Gatakaa akaanza kukunja mapazia yangu.

Siku ya mwisho ya Agosti, jua bado likiwa juu, mzee mmoja aliacha njia. Mkononi alishika kamba ya kufungia ng'ombe. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Salaam aleikum. Mimi ni Bonaya, nimetoka Korbesa. Nilisikia njiani iko maji tena kwa nyumba ya mawe. Nikasema nije nione tu."

"Karibu, mzee," Gatakaa akasema. "Lete wanyama wanywe."

"Wameisha. Vita imekula wote." Alichovya mkono majini, akakaa hivyo muda mrefu. "Maji ni mazuri. Lakini panda maua yako, mama. Mimi sina tena cha kunywesha."

Alilala kwenye kitanda cha kwanza. Jioni ile ile Marete aliandika barua ya kuacha kazi.

Asubuhi, Bonaya akiwa bado usingizini, nilimkuta Gatakaa kisimani. Mawaridi alikuwa ameyapanda nyuma ya jiko, na sasa alikuwa akivuta maji na kuyamwaga kwenye mfereji wa hori, ndoo baada ya ndoo.

"Ya nani yote hayo?" nikamuuliza.

"Ya ng'ombe wa mzee."

Nilitaka kumkumbusha kwamba mzee hana ng'ombe. Nikashika kamba, tukavuta pamoja.