Anayeitwa Mara Moja

Mama yangu alikuwa hodari wa kuchuma uyoga. Mvua za kwanza zikinyesha tunaingia porini, tunaifuata ile njia ya zamani ya wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu, iliyobaki kama mfereji mpana usioota nyasi. Tukifika pale tunanyamaza. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Huku ukiitwa mara moja usiitike. Binadamu huita mara tatu." Uyoga wenyewe tulikula na karanga. Siku hizi hakuna uyoga ule.

Haya, kazi. Shule niliishia darasa la tatu. Kiingereza nilikiokota jikoni kwa mapadri, nikiwapikia. Walipoondoka, mama mratibu wa kituo cha wageni, yaani wakimbizi, akanichukua nifundishe Kiingereza. Kituo kilikuwa nje kidogo ya Chemchem, na nyuma yake inapita njia ile ile ya wapagazi. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya watu wazima wa Kongo na Burundi, wengine wakubwa kwangu, nikakikumbatia kitabu cha Kiingereza. Mratibu akaniambia, "Achana na kitabu. Wafundishe kuingia mahali na kujibu."

Basi tukawa na zoezi la mlangoni: mmoja ofisa, mmoja mgeni, jina likitajwa unaitika, unaingia, unasalimia kwa Kiingereza. Baada ya darasa nawapeleka mkutano wa mtaa, au msibani, maana asiyeonekana msibani huku kwetu atazeeka akiitwa mgeni.

Aliyenishinda ni mzee Bukuru, fundi baiskeli wa mtaa wa Mtendeni. Binti yake yuko Kanada; ilibaki ahojiwe tu kwenye usaili wa safari, amfuate. Lakini umwite mara moja, kimya. Mara ya pili, anatazama chini. Ya tatu ndiyo anaitika. Kumbe kwao nako walionywa kama mimi. Na kwenye usaili asiyeitika anarukwa. Alisharukwa.

Mama Feza, muuza mihogo aliyesoma naye, akamtania, "Baba, na simu ya binti yako unangoja ikatike mara mbili?"

Alicheka, masikini. Nikawa namvizia, sokoni, msibani, popote: "Bukuru!" Hatimaye akawa anaitika kabla sijalimaliza jina. Mratibu akaninunulia soda.

Nimestaafu sasa, na nyie mnaofundisha huja kuniuliza siri. Siri ni kurudia mpaka mtu aitike bila kufikiri. Ila hili nalo mlijue.

Wiki ya usaili, mchana wa jua kali, nilikuwa naandika ubaoni. Nyuma yangu Bukuru akasema, "Yes, sir."

Nikageuka. Ameshasimama, macho dirishani.

"Mzee Bukuru, hakuna aliyekuita."

"Ameniita, mwalimu. Mara moja."

Nikamtazama Mama Feza. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mikono miwili, kama anayezuia jibu lisimtoke.

Bukuru akafungua mlango taratibu, kama tulivyozoea, akamsalimia kwa Kiingereza mtu nisiyemwona. Baiskeli yake akaiacha ukutani. Akashika njia ya wapagazi, akaenda, wala hakurudi.