Nafasi Kati ya Viti

Taarifa ilinifikia asubuhi moja ya wiki iliyopita, katika ujumbe wa sauti kutoka Jeddah. Aliyeutuma alikuwa mtumishi wa shule ndogo ya mtaa wa Ghulail, ambaye bado ana namba yangu. Alisema Maalim amefariki, kifua kilimsumbua siku chache tu, na wamekwisha kumzika jana baada ya sala ya alasiri. Nikadhani amemaliza. Kisha akaongeza habari moja fupi, ambayo kwake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kwa sababu ya habari hiyo nimeiweka kando makala ya safu hii niliyokuwa nimeiandaa kuhusu bei ya saruji, na wasomaji wangu watanivumilia.

Nilimfahamu Maalim nilipohamishwa kutoka Riyadh kwenda Jeddah. Nilikuwa fundi wa lifti, na miaka ile mawakala walikuwa wakijaza ndege kwa wafanyakazi wa ndani, madereva, wauguzi na mafundi kama mimi. Mke wangu na binti yangu walikuwa wamejiunga nami, na binti alihitaji sekondari inayofundisha kwa mtaala unaoeleweka nyumbani. Nikaelekezwa kwenye ghorofa moja ya zamani huko Ghulail, ambamo jumuiya ya watu wa kwetu ilikuwa imepata kibali cha kuendesha shule yake yenyewe. Mkuu wa shule, Mkenya mpole aliyevaa tai hata wakati wa joto kali, alinipeleka moja kwa moja kwenye ubao wa matokeo. Wanafunzi wote walikuwa wamefaulu. Mwaka uliotangulia, wote pia. Kisha akanionyesha darasa. Viti vilikuwa vimepangwa vizuri, kila kimoja kina mwanafunzi, na kati ya kiti na kiti palikuwa na nafasi ya kutosha mtu mzima kupita bila kugusa bega la mtoto. Nikasema nimependa, binti yangu atapata pa kupumulia. Mzee mmoja wa Unguja, mwalimu wa hesabu ambaye wote walimwita Maalim, alikuwa akifuta ubao nyuma yetu. Alingoja mkuu atangulie kutoka, akanambia kwa sauti ya chini, "Hiyo nafasi si ya mwanao kupumulia, sheikh. Hapo pahala pa wenziwe."

Sikumwelewa siku ile, lakini kazi yangu imenizoesha kurudi kwenye kitu nisichokielewa. Nilikuja kujua kwamba shule ile ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa vichochoro vya Ghulail wenyewe: watoto wa wapagazi wa soko la Balad, watoto wa akina mama waliotoka kwenye nyumba za waajiri na hawakurudi, wengi wao bila ikama, yaani kibali cha ukaazi. Waliposoma vizuri, sifa ilienea, na wakaja watoto wa wazazi wenye mikataba, wauguzi na wahandisi. Hao ndio waliobeba kodi ya jengo. Sasa, kituo cha mtihani kilikuwa upande mwingine wa mji, na mlangoni pake kila mtahiniwa alidaiwa ikama. Mkuu akaona hakuna haja ya kumfikisha darasa la mwisho mtoto ambaye hataingia kwenye chumba cha mtihani na ataharibu matokeo. Mtoto huyo aliambiwa apumzike. Hilo ndilo lilikuwa neno lao, kupumzishwa, na lilitamkwa kwa huruma ya kweli. Siku hiyo hiyo kiti chake kilipelekwa stoo, na vilivyobaki vikatenganishwa zaidi ili darasa lionekane limejaa. Hapakuwa na mzazi aliyewahi kuona pengo.

Katika darasa la binti yangu alikuwamo msichana aliyewapita wote kwa hesabu. Mama yake alikuwa wa Mombasa, aliyefanya kazi za ndani Al-Naseem, Riyadh, akamkimbia kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, na kuhamia Jeddah. Mtoto aliletwa na nyanya yake kwa viza ya umra akiwa mdogo. Nyanya akarudi, mtoto akabaki. Hakuwa na karatasi yoyote iliyo hai. Zamu yake ya kupumzishwa ilipofika, mtumishi alikwenda kuchukua kiti akamkuta Maalim amekikalia. Maalim, ambaye miaka yote alifundisha kwa kusimama na kutembea, siku hiyo alifundisha akiwa ameketi katikati ya wanafunzi. Watoto walicheka, mmoja akauliza kama na Maalim ashonewe sare. Mtumishi alimwita mkuu, na binti yangu alinisimulia yaliyofuata mara nyingi mno kiasi kwamba nayaona kana kwamba nilikuwapo.

"Maalim, hicho kiti kinatakiwa stoo."

"N'mekalia. Miguu yaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuvihamisha."

Mkuu aliondoka. Msichana alikuwa bado amesimama nje ya mlango na mkoba wake. Maalim akainuka, akamwita, "Njoo mwanangu, yalla. N'mekuwekea, kishapata moto." Ikawa hivyo kila asubuhi: Maalim anafika wa kwanza, anakalia kile kiti, msichana akiingia anampisha.

Lakini kiti si mtihani, na yeye alilijua hilo kuliko sote. Mama wa msichana alikuja shuleni siku niliyokwenda kumchukua binti yangu. Njia ilikuwa moja tu iliyojulikana: wajisalimishe kwenye kituo cha kurejesha wahamiaji, warudishwe Mombasa, na msichana akaandikishwe huko. Maalim alimshauri aende. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maalim, mimi sitaki mwanangu asifiwe, nataka afanye mtihani. Lakini nikienda tukafungiwa miezi, ataufanyia wapi? Hapa angalau yuwasoma." Maalim akakigeukia kile kiti, na mimi nikajifanya natafuta funguo za gari.

Wakati mama bado anawaza, misako ya polisi ilianza mtaani. Asubuhi moja msichana hakufika. Mchana tulikwenda mimi na Maalim kwenye chumba chao. Kufuli lilikuwa nje ya mlango, na nguo zao zilikuwa bado kwenye kamba, zimekwisha kukauka. Jirani alisema halas, yamekwisha, wameondoka, lakini hakusema kama waliondoka au waliondolewa, na alifunga mlango wake kabla hatujauliza. Maalim aliendelea kukikalia kile kiti. Sasa hakuwa akimpisha mtu.

Miezi michache baadaye mkuu aliniita ofisini. Alinimiminia kahawa, akauliza habari za kazi, kisha akasema hesabu zinamvuta binti yangu chini, labda apumzike kidogo. Binti yangu alikuwa na ikama. Nilipomweleza Maalim, hakushangaa. "Walianza na asokuwa na karatasi," alisema, "wakaona hakuna aliyelia." Nilirudi kwa mkuu nikamwambia kiti cha binti yangu kitabaki pale kilipo, na kilibaki. Kilibaki kwa kuwa nilikuwa na mkataba, na mkuu aliogopa nikiondoka nitaondoka na wazazi wenzangu. Yule mama wa Mombasa angemtisha kwa lipi?

Katika ufundi wa lifti nilijifunza jambo ambalo sikulisoma kwenye kitabu chochote. Ukikabidhiwa jengo ukaambiwa lifti yake haijawahi kuharibika hata mara moja, usifurahi. Kwanza uliza kama kuna anayeipanda. Huenda watu walikwisha kuzuiwa mlangoni, wanapanda ngazi, na mashine inang'aa kwa sababu haibebi uzito. Nimeona shule za namna hii hata hapa nyumbani, na ofisi, na hata familia. Hakuna aliyezijenga kwa nia mbaya. Mkuu yule aliilinda shule yake kwa njia aliyoijua, na kila mwaka aliilinda dhidi ya watoto wengi zaidi.

Mara ya mwisho nilipozungumza na Maalim kwa simu, nilimuuliza kama amepata habari zozote za msichana. Alisema hana, ila kiti kipo.

Habari aliyoongeza mtumishi katika ujumbe wake ni hii: waliporudi kutoka makaburini, mkuu alimwagiza akipeleke kile kiti stoo, naye akakipeleka na kuvisogeza vilivyobaki. Akaniambia pia, kwa furaha, kwamba matokeo yametoka na wote wamefaulu. Wewe mzazi utakayepelekwa mbele ya ubao kama ule, usome hadi mwisho, umshukuru anayekuonyesha. Kisha ingia darasani, simama katika ile nafasi pana kati ya viti, na uulize hapo alikuwa ameketi nani.