Gari tupu halipandi tope: Kokwijuka na harusi ya Rubafu

Saa mbili na nusu asubuhi, mvua imekatika sasa hivi, na pikapu nyeupe inateleza kinyumenyume kwenye kilima cha udongo mwekundu, njia ya Rubafu. Ndani amekaa bibi harusi; nyuma kuna viti vichache vya plastiki tu.

"Yesu na Maria!" anapiga kelele Joanitha, gauni amelikumbatia kifuani. Ametoka kwao Bilele na ndoa ni saa nne. Padri ameshasema, saa nne na nusu anaondoka kwenda kigango kingine. Jumatano Kwaresima inaanza. Akichelewa leo, ni mpaka Pasaka.

Dereva, Bi. Kokwijuka Johnson (38), hakandamizi breki. Anaikanyaga kidogo, anaachia, anayapeleka matairi ya nyuma kwenye nyasi za ukingoni. Pikapu inasimama.

Wageni wa harusi waliokuwa wakitembea wanakimbilia hapo. Huku hakuna anayekwenda harusini mikono mitupu, kwa hiyo wamejitwika mikungu ya ndizi na madumu ya lubisi, ile pombe yetu ya ndizi.

"Bibi harusi ashuke, na viti vishushwe!" anaamuru mjomba wake, Mzee Lwakatare. "Gari lipunguziwe uzito."

"Hapana, waitu," anajibu Kokwijuka kwa heshima ya Kihaya. "Leteni hiyo mikungu. Yote!"

"Ala! Limeshindwa tupu, litaweza limejaa?"

Wageni wanacheka. Hata mwandishi wa makala haya alikuwa upande wa mjomba.

Lakini Kokwijuka kosa hilo alishalifanya. Alianza kazi miaka tisa iliyopita, akibeba ndizi za vijijini kupeleka soko la Muleba. Masika ya kwanza alikwama mlimani, akashusha mzigo wote. Pikapu ikarudi nyuma mpaka katikati ya migomba ya watu.

"Injini iko mbele, matairi yanayosukuma yako nyuma," anasema. "Nyuma kukiwa kwepesi, yanacheza ngoma tu. Niliilipa ile migomba, waitu, sitasahau!"

Anaipanga mikungu kumi na minne juu ya ekseli ya nyuma, anaikaza kwa kamba. Anapunguza upepo wa matairi. Anaingiza gia namba mbili, anaondoka polepole, bila kusimama wala kukata kona ghafla. Mkia unayumba kushoto.

Kisha matairi yanang'ata. Pikapu inapanda, inapanda, inafika juu! Mzee Lwakatare anarusha kofia hewani, na anakuwa wa kwanza kuanza wimbo.

Saa nne kasoro dakika tano, Joanitha anashuka kanisani, viatu mkononi. Anamkumbatia dereva kabla hajamwona bwana harusi.

Kokwijuka sasa ana mpango wa kufungua, masika haya haya, darasa la udereva wa tope kwa wanawake wa Bukoba na Muleba. Wanane wamejiandikisha. Wa tisa amejiandikisha mlangoni mwa kanisa, shela ikiwa bado kichwani.

Watu wanamuuliza kwa nini asianze kiangazi, barabara zikiwa nzuri.

"Kiangazi?" anacheka. "Kiangazi kila mtu ni dereva."