Nyumba Tatu za Udongo

Walisema sitaweza. Niliposhuka kwenye treni pale Tabora nikitoka chuo cha ng'ambo ya ziwa, na diploma ya ualimu ndani ya sanduku la bati, diploma ya kwanza katika ukoo wetu, shangazi yangu aliniuliza nitafundisha darasa gani. Nikamwambia watoto wa miaka minne na mitano. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mumewe akasema mtu havuki ziwa kwenda kusomea uyaya. Walikuwa wamesahau kwamba ada yangu niliitoa mabegani mwangu, nikibeba mataruma ya kulazia vyuma, reli ya Mpanda ilipokuwa ikijengwa kutoka Kaliua. Hakuna aliyenishika mkono.

Chuoni nilijifunza jambo ambalo mji mzima haukulijua, kwamba mtoto mdogo hujifunza akicheza. Lakini mchezo unataka vitu, nami sikuwa navyo. Nikaazima. Bibi mmoja wa mtaa wa Kitete alinipa kinu kidogo na mchi wake. Mwarabu mwenye duka karibu na soko alinipa mizani ya zamani, sahani moja imepinda. Mzee mmoja, ambaye ujanani alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani, alinipa bao lake na fimbo yake ndefu. Mwuza asali kutoka Sikonge alinipa vibuyu tisa, baada ya kufunga uzi mwekundu kwenye shingo ya kila kimoja ili nisije nikambadilishia. Wote waliuliza swali moja: vya kuchezea tu? Walinipa kama mtu anavyompa mgonjwa anachotaka, huku wakiangalia mlango.

Watoto kumi na wanane walikuja. Walibeba vibuyu kichwani wakazunguka nyumba, wakisema wanakwenda pwani, na kila kambi walihesabu mizigo isije ikapungua. Walipima mchanga kwenye mizani wakagombania bei. Mama zao walisimama nje ya ua wa minyaa wakinong'ona kwamba watoto wanarudi na matope na hawajui hata herufi moja. Niliwaacha wanong'one. Nilijua ninachofanya kuliko mtu yeyote kati ya Kitete na stesheni.

Siku moja niliwaambia wajenge kwao kwa udongo. Binti wa mwuza asali, mwenye miaka mitano, alijenga nyumba tatu. Moja ya mama, akasema, moja ya bibi, na moja ya mama mdogo kule Sikonge. Nikachora duara tatu kwenye daftari langu, nikaandika kwamba mtoto huyu anajua hesabu.

Wiki hiyo alipita kijana mmoja wa baiskeli, kaptula yake imenyooshwa kwa pasi. Nilijua ni karani wa serikali. Sikuuliza anakaa meza gani. Alichuchumaa penye nyumba za udongo akasema hajawahi kuona mwalimu wa namna hii. Tangu nirudi, hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha ukurasa baada ya ukurasa, nikasema hapa kwangu hata mtoto wa miaka mitano anahesabu nyumba zote za baba yake.

Siku zile kodi ilitozwa kwa kila nyumba, na mwenye wake wawili alilipia mbili; nyumba ya bibi mzee haikutozwa. Mwuza asali alikuwa akilipia ya Tabora peke yake. Haikupita hata mwezi akaitwa kwenye meza ya kodi alipie na ya mke wa pili kule Sikonge. Jumatatu iliyofuata hakuja mtoto hata mmoja.

Kwanza nilimshuku mume wa shangazi kwamba ndiye aliyewakataza. Nikazunguka nyumba hadi nyumba. Bibi wa Kitete aliitikia shikamoo yangu akiwa ndani, mlango umefungwa. Yule mpagazi wa zamani ndiye aliyenikaribisha kiti.

"Zamani," alisema, "mtu akija kambini kuhesabu mizigo yetu, tulijua tutaibiwa. Wewe umehesabu nyumba za watu kwa mikono ya watoto wao."

Nilichukua daftari nikaenda kwa mwuza asali. Nilimwamkia, "Mwangaluka," akaendelea kuchuja asali. Nikamweleza yote, hata yale ambayo ningeweza kuyaficha.

"Alikupa nini?" akauliza.

"Hakunipa kitu, mzee. Alinisifu."

"Basi umeniuza rahisi sana, mwalimu."

Hakujua kusoma, kwa hiyo alimwita binti yake amwonyeshe ukurasa wake. Mtoto akazijua duara zake mara moja. Baba aliuchana akautia motoni, kisha akachukua daftari lenyewe, akalipeleka kwa kila mzazi achane wake. Lilinirudia majalada matupu.

Watoto walirudi mmoja mmoja, isipokuwa binti wa mwuza asali, na majuma ya kwanza baba zao walisimama penye minyaa mpaka saa ya kutoka. Sikuwaambia tena wajenge kwao. Mchezo wa msafara uliendelea.

Mwaka uliofuata fundi seremala, ambaye mwanawe alikuwa kwangu, alinisaidia kutengeneza kinu, mizani na bao vya shule. Ndipo nikawapanga watoto kwa mstari, kila mmoja na mzigo wake kichwani, aliye mbele na fimbo ya mpagazi, tukarudisha deni la watu wote asubuhi moja. Nilihakikisha tunapita mbele ya nyumba ya shangazi. Hakucheka.

Kwa mwuza asali tulifika mwisho. Binti yake alitoka ndani akavipokea vibuyu, akaviweka chini akavihesabu kwa sauti: tisa. Baba akaangalia uzi wa kila kimoja, akavihesabu mwenyewe, kisha akavihesabu tena.

"Vimetimia," akasema. "Na mfukoni una daftari?"

Nikaigeuza mifuko yangu nje, yote miwili. Ndipo akaniambia binti yake atakuja kesho.