Jina la Mama Kwenye Jiwe la Mwanajeshi

Mdogo wangu alikuwa mwanajeshi. Alifia nchi ya watu, kwenye kazi ya kulinda amani, akaletwa Unguja ndani ya sanduku lililofunikwa bendera na kuzikwa Mwanakwerekwe siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Kaburi hatukuliona mpaka masika yalipokwisha, mama alipomwambia ami yangu, ndugu wa marehemu baba, "Shemegi, nipeleke kwa mwanangu."

Ami akatupeleka. Majani yalikuwa yamefika magotini. Akaangaza huku na huku, akaonesha tuta moja. "Ndilo hili." Kisha akageukia la pili. "Au hili."

Mama hakulia. Alimkazia macho tu. Ikabidi aitwe mchimba makaburi, naye akasema bila kusita kuwa ni lile la pili. 

Mimi ni mwalimu wa historia. Siku hizo shuleni kwetu tulikuwa tumeletewa makasha ya vitabu vya msaada, na kimoja kilikuwa na picha za mawe ya makaburi ya Wagiriki wa kale. Nilikwenda nacho nyumbani nitayarishe somo. Mama akakivuta, akakifungua juu ya mkeka.

Picha ya askari juu ya farasi, anamkanyaga adui, aliipita upesi. Akasimama kwenye ya kijana mwenye ngao, amempa mkono mzee.

"Huyu mbona hapigani?"

"Kafa vitani, mama. Lakini jamaa zake wametaka aonekane anavyoagana na babake."

Nikamsomea maelezo. Mara nyingi maandishi yenyewe yalikuwa mafupi: jina la marehemu, la babake, pengine na mji wake. Na Athene kila mwaka walikuwa wakiorodhesha kwenye mawe makubwa majina ya waliouawa vitani mwaka ule, mmoja chini ya mwenziwe.

"Na mama zao?"

"Humu siwaoni."

Akakifunga kitabu. "Picha sisi hatuweki. Jina nnaliweka."

Ami alipopata habari alikuja mbio, hata kahawa hakuitaka. "Shemegi, kaburi halipambwi! Mnaiga makafiri kwa sababu ya kitabu?"

"Sipambi. Nnataka nimjue mwanangu alipo. We mwenyewe hukumjua alipo."

Ami akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshamuuliza shehe wa msikiti wetu, nikamwambia jibu lake: kuweka jiwe si tatizo, kuandika ni makuruhu, jambo lisilopendeza, lakini si haramu. Ami akavuta pumzi. "Basi liandikwe jina la babake."

"Nimehadithiwa talkini ilivyosomwa," mama akasema. "Mwanangu aliitwa kwa jina la nani pale kaburini?"

Ami alikuwepo mazikoni, na alijua. Katika talkini, yale maneno anayosomewa akishazikwa, maiti kwetu huitwa kwa jina la mamake.

"Basi lililotamkwa pale mbele ya wanaume wote," mama akasema, "leo litaona haya kukaa kwenye jiwe?"

Ami akaondoka bila kuaga.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi wa marumaru, kijana kutoka bara, mwenye kibanda karibu na soko la Mwanakwerekwe. Alimwamkia mama vizuri, akatoa daftari. "Cheo chake, Bi?"

"Cheo wanacho wao kwenye makaratasi yao. Mimi niandikie jina lake, na chini yake, mwana wa..." Akalitaja jina lake mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi.

Fundi akasita. "Kwa kawaida tunaandika la baba."

"Mwanangu, nani kakuuliza kawaida?"

Tuliliweka jiwe wenyewe siku ya Alhamisi, mimi, mama na fundi. Nilishika jembe kwa mikono yangu, na wanaume wawili waliokuja kuzuru jamaa zao wakasimama kututazama. Mama akawaamkia kwa sauti kubwa. Wakaitikia, wakashika njia yao.

Ami hakukanyaga kwetu Ramadhani nzima. Siku ya Idi alikuja na kanzu mpya, akala, akacheka na wanangu, na la jiwe hakuligusa. Mama naye hakumtaka radhi. Nami sikumwomba.

Jiwe liko pale pale. Anayetaka kuling'oa anapajua tunapokaa.