Nukta ya Miwani

Fundi wa miwani wa Makongeni, anayetengeneza lenzi za kuonea mbali na karibu, hampimi mteja akifika tu. Kila mtu huketi wima kwake, kana kwamba anapigwa picha ya kitambulisho. Basi yeye hujifanya anatafuta kalamu ya kutia alama kwenye lenzi, nayo iko mfukoni. Jana Jacklyne, mshona nguo, alichoka kungoja.

“Si uweke hiyo alama nirudi kazini?”

“Bado, mama.”

Mabega ya Jacklyne yakashuka, shingo ikainama. Hapo ndipo fundi alipotoa kalamu, akatia nukta kwenye lenzi za miwani aliyomvika, mbele ya mboni, ili zikatwe kufuata anavyokaa kweli.

“Sasa ukishona utaiona sindano.”

Fundi akaandika vipimo huku ameinua kidevu, maana bila hivyo miwani yake mwenyewe haimwonyeshi karatasi.

“Mimi walinipima kabla sijachoka,” alisema.