Tanga Lililoshonwa Mara Tatu

Mzee alipoamua kuvuka bahari peke yake, alimchukua mkewe, fundi wa kushona matanga, wakachague mashua. Nzuri ilikuwa ile ya bluu, ila ilikuwa na vitanda viwili. Mzee akaigonga ubavuni kwa nyundo, akadai mbao zimeoza. Mama aliusikia mlio mkavu wa mbao nzima.

Wakanunua ndogo, ya kitanda kimoja.

"Sasa hata ukitaka kunifuata hakuna pa kulala," mzee akamwambia mkewe mbele ya mafundi wa mashua. Wakaangua kicheko, naye mzee akacheka nao.

Mama akajikaza kisabuni, akarudi kwenye cherehani yake. Alishona tanga jipya, kila mshono akaurudia mara tatu, na pembe zote akazitia ngozi.

Siku ya safari mzee alilivuta kwa nguvu zake zote, akalisifu, yeye ambaye hakuwahi kusifu hata chai ya mkewe.

"Kumbe bado unanipenda, mama watoto. Hili halichaniki hata kwa dhoruba."

"Halichaniki," mama akajibu, huku akiifungua kamba ya gatini. "Sitaki upate kisingizio cha kurudi."